Njoo Ujionee Mwenyewe

Kinyesi kina ukweli kuliko baadhi ya watu ninaofanya nao kazi. Shimo likijaa, kinatoka nje kila mtu akione. Hakivai tai wala hakiitishi mkutano. Shimo la nyuma ya Hosteli ya Muringa lilifurika mvua zilipokolea, na mimi nililijua kwa pua, maana njia yangu ya kwenda ofisini inapita pale. Maji meusi yalikuwa yakichuruzika kwenye nyasi, yakishuka polepole kuelekea tangi la chini la hosteli, lile la simiti lenye mfuniko uliomeguka ukingo. Siku ya kwanza niliziba pua kwa leso nikapita. Siku ya pili nilisimama nikatazama yanakokwenda, nikatapika chai yangu yote chini ya mti.

Mimi naitwa Wambeti. Kwetu ni Runyenjes, upande wa Embu, lakini nimekaa Meru hadi wenyeji wamechoka kunitania kwa Kiembu changu. Chuoni kazi yangu ni Matangazo ya Wiki. Nani kapoteza kitambulisho, kwaya inafanyia wapi mazoezi, mtihani gani umeahirishwa, lini stima itapotea. Nayachapa, nayatuma kwenye kundi la WhatsApp la chuo, na wakati wa chakula cha mchana yanasomwa kwenye vipaza sauti vya bwalo. Kwa kila jambo nina tangazo la zamani kwenye kompyuta. Jambo likitokea nabadilisha jina na tarehe, basi. Hata msiba una lake. Linaanza kwa "Chuo kinasikitika" na kuishia kwa "Mipango ya mazishi itatangazwa."

Muhula ule tangazo kubwa lilikuwa la Siku ya Wageni. Wazazi huja, watoto wa kidato cha nne huja kutazama madarasa, mgeni rasmi huja na msafara wake, miche hupandwa, hotuba hutolewa, pilau huliwa. Msajili wetu, Daktari Gikunda, huwa hapati usingizi kwa ajili ya siku hiyo. Mawe yote ya njiani yalipakwa chokaa, na vigogo vya miti vikapakwa mpaka kimo cha kiuno. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mwenyeji haponi, anapakwa chokaa.

Sauti ya matangazo haikuwa yangu. Mimi nina sauti ya kufukuza kuku. Aliyeyasoma ni Ijabo, mwanafunzi wa ualimu, mwaka wa pili, binti wa Abdishakur, yule mzee anayeuza vitambaa mjini Meru. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, si hiki chetu cha milimani cha "maji iko" na "watu imekuja," na akisoma, hata wapishi walikuwa wakiacha kugonganisha sufuria. Alipenda kazi ile. Alikuwa akifika ofisini kwangu mapema, anaketi kwenye ukingo wa meza yangu, anasoma kila mstari kimya kwanza, midomo ikicheza.

Gikunda akataka Siku ya Wageni itangazwe na gari la vipaza sauti, lizunguke Makutano, sokoni, stendi, lifike hata Kangeta kwenye soko la miraa. Ijabo ndiye aliyerekodi. "Karibuni nyote Siku ya Wageni," alisema, na mwishoni akaongeza maneno ambayo mimi sikuwa nimeyaandika: "Mzazi, usiambiwe na mtu. Njoo ujionee mwenyewe." Alisema akitabasamu, na tabasamu lile lilisikika. Alipomaliza alifungua chupa yake akanywa kwa kiu, nikaona maji yenyewe yana rangi ya chai iliyochujwa mara ya pili.

"Hayo umetoa wapi?" nikamuuliza.

"Ni ya Muringa, madam. Yana ladha ya chuma kidogo, lakini tumezoea."

Wakati huo shimo halikuwa limetoka nje. Lilikuwa likivuja chini kwa chini, kama umbea.

Kisha likatoka, nikatapika, na siku ile ile Gladys, muuguzi wa zahanati ya chuo, akanishika mkono nilipokuwa nanunua ndizi langoni. Gladys si mtu wa kushika watu mikono.

"Wambeti, mimi naona wasichana wa Muringa tu," aliniambia. "Homa, kichwa, tumbo. Ni taifodi. Hiyo maji yao imeingiliwa na choo. Nimeambia Msajili tangu mwezi uliopita, ananiambia ningoje. Wewe ndio uko na kipaza sauti."

Nilirudi ofisini nikaandika mstari mmoja: Wakazi wa Hosteli ya Muringa wasinywe maji ya mfereji, yameingiliwa na uchafu wa choo. Nikauweka wa kwanza, juu ya kwaya na juu ya kandanda, nikampelekea Gikunda, maana hakuna tangazo linalotoka bila kalamu yake.

Ofisi ya Gikunda hunukia marashi ya waridi, yale ya kunyunyiza. Kando ya kiti chake palikuwa na katoni ya maji ya chupa, na moja ilikuwa wazi mezani. Alisoma kwaya, akatia alama ya vyema. Akasoma kandanda, akatia vyema. Akarudi juu kwenye mstari wangu, akaukata kwa rula. Ndiyo, alichukua rula.

"Sasa hii ni nini, Wambeti?"

"Ni maji, Daktari. Wasichana wanaugua."

"Mzazi akisoma hii ataleta mtoto hapa? Mgeni rasmi ako na watu wake ndani ya hiyo grupu. Unataka tuonekane aje?"

"Tuonekane tukiwaambia watoto wasinywe mavi."

Alikunja uso. Hakuukunja kwa sababu ya mavi, aliukunja kwa sababu nimeyataja. "Chunga mdomo," alisema. "Funika kombe mwanaharamu apite. Siku ya Wageni ikiisha tutaita lori ya kunyonya. Saa hizi, mwenye kuogopa achemshe."

"Achemshe na nini? Koili si mmekataza?"

Na kweli, karatasi ile ile, chini ya kandanda, ilikuwa na tangazo ambalo mimi mwenyewe nililichapa kwa amri yake: mwanafunzi atakayepatikana na koili ya kuchemshia maji chumbani atanyang'anywa na kuadhibiwa. Alikuwa ameshalitia vyema.

Kesho yake lori lilikuja kweli. Halikuja kunyonya, lilikuja kumwaga. Changarawe nyekundu ilitandazwa juu ya uvujaji wote nyuma ya Muringa, ikashindiliwa, na juu yake vikapangwa vyungu vya maua vya kukodi kutoka Makutano. Uchafu haukujali maua. Ulipozibwa upande huu ulitafuta upande wa tangi.

Nikachukua kalamu nene nikaandika MSINYWE kwenye karatasi, nikaibandika juu ya mfereji wa hosteli asubuhi. Nilipopita mchana haikuwapo. Mahali pake palikuwa na bango la Siku ya Wageni, na mgeni rasmi alikuwa akitabasamu pichani juu ya mfereji, mashavu yake yamelowa. Nikaanza kuwaambia wasichana mmoja mmoja. Karimi, aliyelala chumba kimoja na Ijabo, alinisikiliza kwa adabu, ndoo yake ikiendelea kujaa.

"Lakini madam, kama ni kweli si ingekuwa kwa Matangazo?" akasema.

Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha hivyo. Kila muhula nawaambia wasiamini uvumi, wangoje Matangazo.

Nikamuuliza Ijabo yuko wapi, maana hakuwa amekuja kusoma. Karimi akasema amelala, ana baridi, anameza dawa za maumivu. Nilipanda ngazi nikamkuta ametapakaa jasho chini ya blanketi mbili, na kando ya kitanda chupa ileile, imejazwa upya.

Gladys ndiye aliyetafuta gari wakampeleka hospitalini mjini. Utumbo ulikuwa umetoboka, wakampasua. Nilienda kumwona Alhamisi, wiki ileile ya Siku ya Wageni. Mama yake, Sahra, alikuwa akimlowesha midomo kwa pamba. Ijabo alifungua macho akanitambua.

"Madam, lile tangazo langu bado wanalipiga?" aliuliza.

"Bado. Mji mzima unalijua."

Akafurahi. Nilitoka nje upesi. Abdishakur alikuwa amesimama kwenye veranda, mtu mrefu mwenye ndevu zilizopakwa hina, kofia mkononi. Aliniita mwalimu, ingawa mimi si mwalimu.

"Mwalimu, hawa wanasema ni maji. Maji gani? Nyumbani sisi tunachemsha."

"Ni ya hosteli, mzee."

"Na wale wengine wanaoishi hapo, mmewaambia?"

"Bado."

"Kwa nini?"

Nilimtazama viatu. Ningemwambia nini? Kwamba tunangoja mtu aje ale pilau kwanza?

Ijabo alikufa Ijumaa alfajiri. Gladys alinipigia simu nikiwa bado sijavaa viatu. Nilikwenda moja kwa moja kwa Gikunda, nikamkuta akipima urefu wa zulia jekundu kutoka mahali gari la mgeni litakaposimama. Nilimwambia. Alifunga macho kidogo, na kwa kufunga macho kule nikadhani ni binadamu.

"Ni huzuni," alisema. "Sasa sikia. Tangazo uliandae, ujaze jina, lakini usitoe. Tutatoa Jumatatu. Mazishi itachukua wiki moja ama mbili, kuna mikutano ya jioni, kuna harambee, kuna gari ya kubeba mwili ipitie hapa chuoni wanafunzi wamuage. Tuko na wakati."

Hivyo ndivyo tunavyozika sisi watu wa mlima. Maiti hukaa, watu huchanga, eulojia ya maisha ya marehemu huandikwa, kwaya hushona sare. Gikunda alikuwa akipanga kana kwamba anamzika mtoto wa shangazi yake.

"Daktari," nikamwambia, "Ijabo ni Mwislamu. Hivi tunavyoongea, pengine kaburi limeshachimbwa."

Aliiacha futi ya kupimia ining'inie mkononi. Kisha uso wake ukalegea. Naapa nilimwona akipumua.

"Basi afadhali," alisema. "Kufika kesho itakuwa imeisha kimya kimya."

Nimeona paka waliooza kwenye mtaro wa soko. Nimesafisha kidonda cha baba yangu mguu ulipokuwa ukimwoza. Sijawahi kuona kitu kilichonichefua kama ule uso uliolegea. Nilimwomba angalau azime ile sauti ya Ijabo. Akasema sauti ni ya chuo, na gari limeshalipiwa mpaka kesho jioni.

Alizikwa siku hiyo hiyo, baada ya sala ya Ijumaa. Mimi sikujua saa. Niliambiwa na Gladys wakati kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

Jumamosi kulipambazuka jua safi. Mahema meupe yalisimamishwa kwenye uwanja mbele ya Muringa, viti vikafungwa riboni. Nzi walifika kabla ya wageni. Gikunda alipita akinyunyiza marashi kwenye vitambaa vya meza, waridi juu ya choo, na hayo mawili yakichanganyika yanatoa harufu ambayo mpaka leo siwezi kuisimulia nikiwa nakula. Wazazi walivuta pua, wakatazamana, wakanyamaza kwa heshima. Langoni, kutoka kwenye kipaza sauti, Ijabo alikuwa akiwakaribisha. Karibuni nyote. Usiambiwe na mtu.

Mimi nilipewa kipaza sauti cha jukwaa nisome ratiba. Wasichana wa Muringa walikuwa wamevishwa utepe wa kijani kifuani, wabebe sinia na kuwanawisha wageni mikono. Karimi alipita karibu nami na sinia ya keki mkono mmoja na birika jeupe la kunawia mkono wa pili, macho yamevimba.

"Tumeambiwa tusilie mbele ya wageni," alininong'oneza.

Mgeni rasmi alifika, akapanda mche, akapigwa picha na jembe. Kwaya ikaimba. Nilipoinua macho kutoka kwenye ratiba nilimwona Abdishakur kando ya hema, kanzu nyeupe, koti jeusi, amesimama wima akisikiliza upande wa langoni. Alisikiliza hadi sauti ikamaliza na kuanza upya. Ndipo akaja mezani kwangu.

"Mwalimu, jana tukitoka makaburini gari yenu ilipita mtaani kwetu," alisema taratibu. "Mama yake alikuwa ndani na wanawake wenzake. Aliposikia hiyo sauti alikimbilia dirishani, akaita jina lake. Wanawake wanne walimshika."

"Pole, mzee. Pole sana."

"Binti yangu alisema mzazi asiambiwe na mtu. Aje ajionee. Nimekuja." Alipangusa uso kwa kiganja. "Lakini kwanza nataka tangazo. Kwetu mtu akifa, watu wake huulizia: nani alikosewa naye, amsamehe, asiende na mzigo. Hapa ndipo matangazo yanasomwa?"

"Ni hapa."

"Basi soma."

Ratiba mkononi mwangu ilisema: Neno la Mzazi. Mzazi wenyewe alikuwa ameshachaguliwa, mzee mmoja mpole aitwaye Ndwiga, na Gikunda ndiye aliyemwandikia hotuba yake ya kushukuru. Nilimwona Ndwiga akifunga kifungo cha koti. Nikavuta kipaza sauti karibu.

"Sasa ni Neno la Mzazi," nikasema. "Tutamsikia Mzee Abdishakur, baba yake Ijabo."

Gikunda aliinuka nusu, akabaki vile, kama mtu aliyeshikwa na kiuno. Huwezi kumnyang'anya mzee kipaza sauti mbele ya mgeni rasmi. Hilo kwetu hata Gikunda hathubutu.

Abdishakur hakujua kutumia kipaza sauti, alikishika mbali, ikabidi watu wanyamaze ili wamsikie.

"Hiyo sauti iko kwa lango ni ya mtoto wangu," alisema. "Tulimzika jana. Nimekuja kuomba mambo matatu. Ya kwanza, alikaa na nyinyi, alikula na nyinyi. Kama kuna mtu hapa Ijabo alimkosea, kwa neno ama kwa kitendo, mimi baba yake namwombea msamaha. Ya pili, ile gari isipite tena kwetu. Mama yake hawezi. Ya tatu, yeye alisema nije nijionee. Nimekuja na sijaona. Nimeona maua. Nionyesheni maji."

Mtu huyu, ambaye sisi tulimuulia mtoto, alikuwa amesimama mbele yetu akituomba msamaha. Nilitaka ardhi ya Meru ifunguke, na nilijua ikifunguka kitakachotoka ni nini.

Gikunda alifika jukwaani akitembea polepole, uso wa msibani. Alimkumbatia mzee begani, akachukua kipaza sauti. "Tunashukuru mzee wetu kwa maneno hayo mazito," alisema. "Chuo kiko pamoja na familia wakati huu mgumu. Mzee amechoka, jua ni kali." Akanyoosha mkono kwenye meza kuu, akachukua chupa ya maji, akaifungua kifuniko yeye mwenyewe, akampa. "Kaa, mzee. Kunywa maji kidogo."

Abdishakur aliipokea. Aliinua chupa mbele ya macho yake, akaigeuza, mwanga ukapita ndani yake bila kizuizi.

"Haya sio ya Ijabo," alisema.

Miguu yangu iliondoka bila kuniuliza. Nilimpokonya Karimi birika jeupe, nikamwaga yaliyokuwamo, nikazunguka nyuma ya vyungu vya maua hadi kwenye mfereji wa Muringa, mgeni rasmi akinitabasamia kutoka kwenye bango. Nilifungua. Yalitoka kwa kukohoa, ya kahawia, na harufu yake ikanipanda puani. Nililijaza birika nikarudi nalo, likanimwagikia sketi, nikaliweka kwenye meza kuu katikati ya chupa. Juu ya weupe wa birika rangi ile haikuhitaji maelezo. Mgeni rasmi alitazama ndani, akasogeza kiti chake nyuma.

Nilichukua glasi safi, nikamimina ikajaa, nikampa Gikunda.

"Daktari, kunywa kidogo," nikasema. Kipaza sauti alikuwa bado nacho mkononi, kwa hiyo watu wote walisikia.

"Wambeti, hapa si mahali pake."

"Watoto wetu wanayanywa kila siku. Kunywa nao."

Aliishika. Nadhani kwa sekunde moja alifikiria kuinywa, maana mwenye cheo anaweza kumeza mengi. Akainusa bila kukusudia. Akaiondoa puani upesi, tone moja likamwangukia kidoleni. Akaiweka glasi chini, akachukua kitambaa cha meza, akapangusa kile kidole. Akapangusa tena. Akaendelea kupangusa mpaka wasichana wote wenye utepe wa kijani wakawa wanamtazama mkono.

Nikatwaa kipaza sauti nikasoma mstari wangu kutoka kichwani. Wakazi wa Hosteli ya Muringa wasinywe maji ya mfereji, yameingiliwa na uchafu wa choo. Nikaongeza kwamba mwenye homa aende kwa Gladys sasa hivi, asingoje. Nikaongeza kwamba koili zao walizonyang'anywa ziko kwenye kabati la mlinzi, wakazichukue, na anayetaka kuwaadhibu aanze na mimi.

Karimi alikuwa wa kwanza. Aliweka sinia chini kwenye nyasi, pamoja na keki zake, akaelekea hosteli. Wengine wakamfuata, utepe bado vifuani. Punde tukaanza kusikia kutoka kwenye roshani za Muringa mitungi ikimwagwa, mmoja, kisha mingi, maji yakianguka kwenye saruji mfululizo. Langoni mtu alikuwa hatimaye ameizima sauti. Abdishakur alisikiliza yale maji hadi yakaisha.

"Sasa nimeona," alisema, akavaa kofia yake. Chupa aliyopewa aliiacha mezani, haijaguswa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hivyo tunafundishwa tangu darasa la nne. Nilidhani Gikunda ameumbuka. Jumatatu lori la kunyonya lilikuja likanyonya, na mimi nikapewa barua ya kuhamia stoo ya maktaba, nikahesabu viti vilivyovunjika. Mchana simu yangu ikalia kwenye kundi la chuo. Kulikuwa na mtu mpya kwenye kompyuta yangu. Alikuwa amefungua lile tangazo la zamani, akabadilisha jina na tarehe:

"Chuo kinasikitika kutangaza kifo cha mwanafunzi wetu mpendwa, Ijabo Abdishakur, aliyeaga dunia baada ya kuugua kwa muda mfupi. Kufuatia juhudi za Msajili, huduma za maji katika Hosteli ya Muringa zinaboreshwa. Mipango ya mazishi itatangazwa."

Chini yake watu walikuwa wameshaanza kuweka mishumaa na mikono ya kuomba. Baba yake alisimama mbele ya chuo kizima akasema amemzika. Aliyeandika alikuwapo, aliyeidhinisha alikuwapo, mkono wake uko begani mwa mzee kwenye picha za siku ile.

Kisha Karimi akaandika: "Alizikwa Ijumaa. Aliuawa na maji ya hosteli." Nilipotazama tena, palikuwa pameandikwa kwamba ujumbe huo umefutwa na msimamizi wa kundi.

Niliketi kwenye kiti chenye miguu mitatu, nikauandika upya, neno kwa neno, nikatia jina langu. Walipoufuta, Gladys akauandika.